Dereva Taratibu na Abiria Wake Mmoja

Nikimwita mtu mkaidi, ujue nimefanya naye kazi. Huyu ninayetaka kumsema ni dereva wa basi letu la shule, basi la watoto wa kitengo cha elimu maalumu, na kwa ukaidi hana mpinzani. Wazazi wanamwita Taratibu. Jina alipewa na mama mmoja aliyechoka kungoja getini, akamwambia, "Baba wee, hilo basi unaliendesha au unalisindikiza?" Tukacheka mpaka machozi, na jina likamkaa. Yeye hakununa. Alisema tu kwamba ameendesha malori ya mizigo nusu ya maisha yake na magunia hayajawahi kumlalamikia, lakini hawa watoto wana shingo.

Mimi ndiye msaidizi wa basi. Kazi yangu ni kuwapandisha, kuwafunga mikanda, kuwafuta pua na kuwashusha. Wananiita Dada Mkanda. Nina mdomo, najijua, na marehemu mume wangu angekuwapo angekuthibitishia. Taratibu na mimi tumegombana ndani ya basi lile muda mrefu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Sasa, huyu bwana alikuwa na mtindo wake wa honi. Ulianza kwa sababu ya mtoto mmoja asiyeona, aliyekuwa akishtuka kila gari likipita. Taratibu akampangia honi yake, mbili fupi, ajue kwamba hili ndilo lake. Wengine wakaona wivu. Basi, ikawa kila nyumba ina honi yake, na nakwambia wale watoto walizijua kuliko walivyojua majina ya walimu. Mwingine ukimwita hageuki, lakini honi yake ikilia utamwona anatafuta begi.

Nyumba ya kwanza kwenye njia yetu ilikuwa ya Malkia. Honi yake ilikuwa moja ndefu na moja ndogo ya kumalizia. Malkia ni jina tulilompa sisi, kwa sababu siku ya kwanza tu alijichagulia kiti cha nyuma ya dereva, na ole wako ukikikalia. Msichana wa miaka kama kumi hivi, haongei, anaishi na bibi yake mzaa mama. Mama mtu alishatangulia mbele ya haki. Bibi ni mfanya usafi hospitalini, anaondoka alfajiri, na jirani ndiye aliyekuwa akimtupia jicho mtoto mpaka basi lifike.

Alipokuja kwetu hakujua kijiko. Ngazi za basi alizipanda kwa magoti. Mwalimu wake na mimi tulihangaika naye, usiniulize muda gani: kushika kijiko, kuomba kwenda msalani, kuvaa viatu, kufungua komeo la geti, kusikia honi yake ndipo atoke. Hayo yote tulimfundisha sisi. Siku aliyopanda ngazi kwa miguu yake bila mkono wa mtu, Taratibu alizima injini katikati ya njia, akapiga makofi. Magari ya nyuma yakatutukana kweli kweli. Akawapungia mkono kama bwana harusi.

Tangazo la kufunga shule lilitukuta tukiwarudisha watoto nyumbani. Redio ya basi ilikuwa inaimba, wimbo ukakatwa, mtu mmoja mwenye sauti nzito akasema shule zote za umma zinafungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wabaki majumbani hadi watakapotangaziwa tena. Taratibu akapunguza mwendo, kama ulikuwepo wa kupunguzwa. Kila mtoto niliyemshusha nilimwambia kesho hakuna shule. Wengine walishangilia. Malkia nilimwambia pia, nikamwonyesha kwa mikono, akaniangalia usoni, akaingia ndani kwao. Utamwelezaje mtu kitu ambacho hata sisi tulikuwa hatukielewi?

Tukakaa. Basi likakaa. Baada ya wiki kadhaa ofisi ya elimu ikatuita. Nisiwaonee, walihangaika wale watu. Walimu walishinda kwenye ukumbi wa shule wakifungasha mifuko ya kila mtoto: karatasi za kazi, sabuni, unga, maharage, mafuta. Mashine ya kurudufu ikafa, mwalimu wa Malkia akakaa chini akachora picha kwa mkono, kikombe, kiatu, choo, ili mtoto asisahau kuonyesha anachotaka. Alimtilia na kitambaa alichokishonea vifungo vikubwa vya kujifunzia. Basi letu ndilo lingesambaza.

Afisa wa elimu maalumu alisimama uwanjani na barakoa yake, akatusomea masharti. Mama mmoja mwembamba hivi, ana simu tatu na zote zinaita. Msiingie nyumba ya mtu. Tundikeni mfuko getini, rudini nyuma. Na mtoto asipande gari kwa sababu yoyote ile. Hilo la mwisho alilirudia akituangalia usoni, na Taratibu akaitikia, "Tumekusikia, mama."

Asubuhi hiyo ya kwanza tulikuwa na furaha ya kijinga. Basi limeoshwa, mifuko imejaa viti vyote, mimi nimevaa barakoa niliyoishona mwenyewe kwa gauni kuukuu. Tukakata kona ya kwa Malkia. Honi ikalia, moja ndefu, na ile ndogo ya kumalizia.

Nikageuka. "Ebo! Umepiga honi ya nini?"

"Sijapiga."

"Hujapiga? Kapiga nani, malaika?"

Akaangalia mkono wake. "Dada, mkono umepiga wenyewe."

Komeo la geti lilishaanza kulia. Malkia akatoka mbio na gauni la kulalia, begi mgongoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akapanda ngazi. Akausukuma mfuko wa unga kwenye kiti chake, akakaa, akanyanyua mikono juu, vile alivyozoea, nimfunge mkanda. Anacheka. Yule mtoto anapocheka haangalii mtu, anaangalia dari na kuchezesha vidole.

Sikumfunga. Nilisimama pale na mkanda mkononi. Bibi yake, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko, akatoka akijifunga khanga vizuri, anauliza, "Wamefungua? Shule wamefungua?" Nikatikisa kichwa. Alinielewa upesi kuliko nilivyotaka.

Kumtoa mle ndani ilikuwa patashika. Alishika chuma cha kiti, nikawa nambandua kidole kimoja kimoja, nikimaliza cha tano cha kwanza kimerudi. Hana maneno lakini sauti anayo, na aliitoa yote. Majirani wakachungulia. Bibi akambeba mgongoni mpaka ndani, kiatu kikabaki kwetu, nikakitupa ndani ya uzio. Taratibu muda wote ule alitazama mbele kwenye kioo, mikono juu ya usukani, na mimi nilimsema njia nzima, barabara mpaka vichochoro. Kuanzia nyumba ya pili tulibisha hodi kwa simu. Honi hakuigusa tena.

Mizunguko iliyofuata hatukumwona Malkia. Tunatundika mfuko, tunapiga simu, bibi anajibu kwa haraka yuko kazini, mtoto mzima, ahsanteni. Nikajua anaye yule jirani. Siku moja tukafika, mfuko wa safari iliyopita ungali ukining'inia getini, kona moja imetafunwa na panya. Taratibu akashuka.

"Masharti," nikamwambia.

"Nasikia kitu kinagonga."

Na kweli, kulikuwa na kitu kinagonga, kwa ndani, ngo, ngo, ngo, hakina haraka. Akazunguka nyuma ya nyumba, mimi nikamfuata huku nanung'unika. Dirisha lilikuwa wazi nusu. Tukachungulia.

Malkia alikuwa amekaa sakafuni. Kiunoni kafungwa khanga, na ncha ya pili ya khanga imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Ilikuwa ndefu ya kutosha kufika kwenye sahani ya chakula, kwenye ndoo ya haja, na kwenye mto aliowekewa. Zaidi ya hapo haifiki. Alikuwa akigonga sakafu kwa kijiko. Alipomwona Taratibu dirishani akaacha kugonga, akanyanyua mikono juu.

Nilipandwa na mori, sikufichi. Simu ilikuwa mkononi, namba ya afisa iko juu kabisa, kidole kimebaki kubonyeza tu. Nilikuwa nasema maneno ambayo siyarudii hapa. Mtu mzima anamfunga mtoto kama mbuzi!

Taratibu akanishika mkono. "Tumsikie bibi kwanza."

"Asikilizwe na polisi."

"Dada. Tumsikie kwanza."

Tukaenda kumaliza mizunguko yetu, mimi sina raha hata chembe, tukarudi jioni bibi alipotoka kazini. Alitukuta pale mlangoni. Hakuuliza mmekuja kufanya nini. Aliangalia basi, akatuangalia sisi, akavua viatu, akakaa kizingitini mbali na sisi kama masharti yalivyosema.

"Mmeona," akasema. "Haya, nishitakini. Lakini msinikodolee macho. Tangu siku ile mlipopiga honi, huyu mtoto hajatulia. Akisikia honi yoyote, ya pikipiki, ya lori, ya muuza maji, anatoka mbio. Geti anajua kulifungua, mmemfundisha nyinyi. Nikafunga mlango kwa kufuli, akaruka dirishani. Lori lilifunga breki likasimama hapa." Akapima kwa viganja, na palikuwa padogo. "Dereva alishuka akatapika, kijana wa watu."

"Na jirani?" nikauliza, sauti yangu ishaanza kupungua.

"Jirani kaniambia tusizoeane kwa sasa, mimi natoka hospitali. Simlaumu, ana watoto. Nikae nyumbani, nimlishe nini? Niende naye kazini, nimpeleke kwenye maradhi? Haya, nambieni, nyie watu wa ofisi. Nafunga nalia, nafungua nalia. Nifanyeje?"

Mimi, mwenye mdomo wangu, niliizima simu nikaitia mfukoni. Taratibu alishachuchumaa chini, mgongo ukutani, uso umebadilika rangi. "Kumbe ni mimi," akasema. Akalirudia, si kwa kutuambia sisi. Bibi akamwambia, "Si wewe, baba, ni dunia," lakini hakusikia.

Kesho yake alimpigia afisa simu mbele yangu, kwa ujanja, eti anauliza kwa mfano tu. Kwa mfano kuna mtoto hana mtu wa kukaa naye mchana, anaweza kuzunguka na basi? Sauti ya yule mama ilisikika mpaka kwangu. "Mtoto akionekana kwenye gari, wewe na mimi tunamwaga unga siku moja." Kisha akapoa, nasema ukweli, akauliza kwa upole, "Baba, kuna mtoto yuko hatarini? Niambie. Ustawi wa jamii watamchukua wampeleke makao ya watoto." Makao yenyewe yako mji mwingine, safari ya kutwa, na wakati ule hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuingia, hata mzazi. Taratibu akajibu, "Hapana mama, nilikuwa nauliza tu." Akakata.

Hapo ndipo ilipokaa shughuli nzima. Tukinyamaza, mtoto abaki kwenye mguu wa kitanda. Tukisema, afunguliwe, lakini aondolewe kwa bibi yake, mtu pekee anayejua akikunja uso anataka nini.

"Nitamchukua," Taratibu akasema.

"Wapi?"

"Kwenye basi."

"Una kichaa."

"Ninacho. Unashuka au unabaki?"

Nikabaki, lakini shingo upande, na nilihakikisha anajua. Mwenyewe sikuwa na pa kumweka mtoto: nyumbani kwangu pana mkwe wangu na kichanga chake. Na niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Bibi anafuta sakafu za wagonjwa, anarudi, analala na mjukuu, mjukuu anapanda kwetu. Mke wa Taratibu ana kifua kibovu tangu ujana. Huyu bwana alihamia kulala sebuleni kwenye kochi fupi, miguu nje, na mkewe akawa anamwekea chakula mlangoni. Mkewe aliniambia baadaye, "Alinieleza sababu, nikamwambia nenda." Basi wamekutana, wakaidi wawili.

Siku zile, jamani. Sikujua kama zingekuwa nzuri. Malkia alikaa kwenye kiti chake, madirisha yote wazi, upepo unampiga, anaangalia dari na vidole vyake vinacheza. Tukisimama, mimi nashusha mifuko, kisha nakaa naye tunafunga vifungo vya kile kitambaa. Mwalimu wake alikuwa akitupigia akiwa hajui tuko wapi, mimi namdanganya niko kwa bibi mtu, namwambia amefunga viwili, leo vitatu, naye anapiga kelele za furaha kwenye simu. Jioni tunamrudisha, bibi anamkagua kichwa mpaka miguu kama aliyeletewa mzigo kutoka mbali. Kiunoni palikuwa na alama ya khanga. Ikafifia, ikaisha.

Halafu kuna mtu akapiga picha. Hatukumjua, na mpaka leo ningemjua ningemwendea. Basi la shule, jina la ofisi ubavuni, kichwa cha mtoto dirishani. Chini yake ameandika, "Sisi tunafungiwa ndani, wao wanatembeza watoto." Kabla ya mchana kila simu ilikuwa nayo, hata ya mkwe wangu.

Tuliitwa ofisini siku ileile. Viti viliwekwa barazani, mbalimbali mno, ikabidi watu wapaze sauti kusema mambo ya kuaibisha. Afisa alikuwa na macho mekundu. Hakufoka, na heri angefoka. Alisema kuna dereva wa wilaya jirani amefariki wiki ile, na watoto wawili aliowabeba wako wodini. "Nilikuomba kitu kimoja, baba. Kimoja. Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipongoja aseme. Sababu ilikuwepo, nzito, ingemwokoa. Nikavuta pumzi niseme mwenyewe, na Taratibu akanigeukia. Yule mtu hajawahi kunikaripia hata mara moja, lakini aliniangalia kwa jicho ambalo lilinirudisha kitini.

"Nilijisikia tu," akamjibu afisa.

"Ulijisikia?"

"Basi lilikuwa tupu. Nilizoea kuwa na mtoto."

Jibu la kipumbavu. Afisa alimtazama kwa muda, simu zake zinaita, hakupokea hata moja. Nadhani alijua kuna kitu chini yake. Lakini picha ishafika kwa wakubwa wake, na wao walitaka ufunguo wa basi juu ya meza. Taratibu akauweka. Akasimamishwa kazi papo hapo. Tulipotoka nje nilimwambia yeye ni mjinga, mjinga wa mwisho, na nilikuwa nalia ndani ya barakoa, kitu kibaya sana kulia ndani yake, usijaribu.

"Ukisema," akaniambia, "watamchukua."

"Na sasa atakaa na nani? Nenda ukakae naye wewe, si huna kazi!"

"Mimi si ndugu yao, dada. Mwanamume nijifungie na mtoto wa kike nyumbani kwa watu? Watu wataniona vipi, na bibi watamwona vipi?"

 Mimi nilipewa dereva mwingine, kijana anayeendesha kama amemwibia mtu, na tulipopita kwa Malkia nilishuka nikasikiliza. Ngo, ngo, ngo.

Aliyesema ni bibi mwenyewe. Alisikia kazini, kwa watu waliokuwa wakichekea ile picha, kwamba dereva kafukuzwa. Akatoka zamu, hakubadilisha hata sare, akaenda moja kwa moja kwa afisa, akasimama nje ya dirisha kwa sababu hawakumruhusu kuingia. Akaeleza yote: honi, lori, khanga. Akasema, "Yule baba hakufanya kosa. Alikuwa ananisaidia mimi. Mrudishieni kazi yake."

Niliambiwa na mwalimu wa Malkia, aliyekuwapo, kwamba afisa alilia. Alimwambia bibi, "Mama yangu, ungenyamaza. Umeshaniambia. Siwezi kujifanya sijasikia."

Taratibu akarudishiwa kazi. Alirudishiwa na ufunguo na barua ya onyo. Na safari yake ya kwanza, kwa sababu gari la ustawi lilikuwa limepelekwa kubeba wagonjwa, ilikuwa kumpeleka Malkia makao. Afisa alimpa nafasi ya kukataa, alimwambia atatafuta dereva mwingine. Akasema hapana, aende na mtu anayemjua.

Sitaki kuisimulia sana safari ile. Bibi alimvalisha sare ya shule, kwa nini sijui, labda ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Hatukupiga honi, Taratibu alibisha geti kwa mkono. Malkia akatoka akacheka, akapanda ngazi mwenyewe, akakaa, nikamfunga mkanda. Bibi hakuruhusiwa kuja. Alisimama getini mikono kichwani, na mtoto hakugeuka kumwangalia, kwa sababu kwake ilikuwa ni siku ya shule, na jioni ya kurudi ipo. Njia nzima vidole vyake vilicheza.

Makao yalikuwa safi, nisiwasingizie. Mlezi akatoka na barakoa na miwani ya plastiki, uso wote haupo. Taratibu alimweleza kutoka mbali: akikunja uso upande wa kushoto ni njaa, akivuta sikio ni msalani, usimshike mkono ghafla, mshike begani. Mlezi anaitikia, ndiyo, ndiyo. Malkia alishuka kwa sababu mimi nilimwonyesha ashuke. Ananiamini, unaona. Alishuka vizuri kabisa, bila kelele. Geti lilipofungwa ndipo tukamsikia, na tulimsikia mpaka Taratibu alipoweza kuwasha gari, ambalo alilizimisha mara mbili, dereva wa malori yule.

Shule zilikaa zimefungwa muda mrefu. Bibi alikuwa akipiga simu makao kila jioni, wanamwekea simu sikioni mtoto asiyeongea, yeye anasikia pumzi. Aliugua katikati hapo, akapona. Taratibu aliendesha mifuko yake kimya kimya. Nilimchokoza nikachoka, nikamtukana nikachoka. Niliogopa ataacha kazi. Siku moja aliniambia, "Akirudi nitaacha. Nataka nimrudishe mimi."

Siku ikafika. Shule zikatangazwa kufunguliwa, karatasi za ruhusa zikasainiwa, na afisa mwenyewe akasema bibi apande basi twende naye. Mama wa watu alivaa nguo za sikukuu. Njia nzima alikaa kwenye kiti cha nyuma ya dereva, anauliza tumefika, anauliza tena. Hata mimi nilicheka siku hiyo.

Tukaegesha nje ya makao. Mlezi akamleta Malkia mpaka getini, amemshika begani. Amerefuka, nywele zimekatwa, vifungo vyote vya gauni amefunga mwenyewe. Geti likafunguliwa. Akamwona bibi yake aliyekuwa kashashuka anakwenda kumpokea, na hatua ya kwanza aliitupa mbele, niliiona. Kisha akaliona basi.

Akarudi nyuma. Hakupiga kelele. Alirudi hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaukumbatia kwa nyuma, anatikisa kichwa. Bibi akamwendea, akamkumbatia, mtoto akamng'ang'ania bibi vizuri tu, akanusa shingo yake. Lakini kila alipovutwa kuelekea kwenye ngazi, miguu ilikufa. Mimi nikajaribu. Akaniangalia, akanijua, akajificha nyuma ya bibi.

Taratibu alikuwa ameshuka, amesimama kando ya mlango wa basi na kofia mkononi. Aliangalia yote yale.

"Mwacheni," akasema. "Msimlazimishe."

"Atazoea tena," nikamwambia. "Tulimfundisha, tutamfundisha."

"Tutamfundisha nini, dada? Ameelewa vizuri kabisa."

Bibi na mjukuu wakaenda kituoni kwa miguu, wameshikana mikono, kupanda gari la abiria. Tuliwapita njiani, Taratibu akahamia upande wa pili wa barabara ili mtoto asituone kwa karibu. Nilimuuliza kama bado ataacha kazi. Akasema kesho kuna watoto wengine wa kuchukuliwa.

Malkia sasa anakwenda shule kwa miguu na bibi yake. Bibi ameomba zamu ya mchana, na wanaondoka mapema sana, kwa sababu ni mbali. Asubuhi tukikata kona ile tunapita nyumba yao bila kusimama, na Taratibu hageuki kuangalia.